Waliokunywa Pombe ya Delmira

Delmira Sangama alilishika shina la muhogo kwa mikono miwili, akalitikisa, akalivuta. Likatoka bila ubishi. Hilo peke yake lilikuwa habari mbaya, maana muhogo wenye afya hung'ang'ania chini, humtoa mtu jasho kwanza. Mizizi iliyotoka ilikuwa myembamba kama vidole vya mgonjwa, na mmoja ulikuwa umeoza. Akasogea kwenye shina la pili, hali ni ile ile. La tatu halikuwa na kitu kabisa, nyuzinyuzi tu zilizoning'inia na udongo mkavu.

Akachuchumaa, akauchukua udongo ule kiganjani, akaupuliza. Ukaruka kama majivu ya sigara.

"Umechoka," akaiambia ardhi. "Nimekuelewa. Umechoka."

Hakuilaumu. Ardhi ile ilikuwa imezaa, ikazaa tena, kisha ikalazimishwa kuzaa wakati ilipopaswa kuachwa. Hata mwanamke, ukimzalisha kila mwaka, usishangae akikonda. Pale Yanayaku hakuna mtu asiyelijua hilo. Unafungua shamba, unapanda, unakula, halafu unaliacha lilale. Miti inarudi yenyewe, majani yanaanguka na kuoza, na wewe unahamia shamba jingine. Mtoto uliyekuwa umembeba mgongoni anapoanza kuota ndevu, unarudi kwenye lile la kwanza na shoka lako, unalikuta limenona. Hivyo ndivyo walivyoishi babu zao, na msitu haukuwahi kuisha.

Na Delmira alikuwa na shamba lake lililolala, ng'ambo ya kijito. Alilala nalo kichwani kila usiku, na kila asubuhi aliamka nalo.

Nyumbani alimkuta mumewe Teofilo kwenye wavu wake wa kulalia, mguu mmoja ukining'inia. Huo mwingine aliuacha chini ya gogo, zamani alipokuwa kibarua wa wakata mbao. Wajukuu wawili walikuwa wakigombania ndizi ya kuchemsha.

"Umekuja na nini?" Teofilo akauliza.

"Aibu." Delmira akamwaga kapu lake sakafuni.

Teofilo akaitazama ile mihogo. "Mke wangu, hii ni mihogo au mikia ya panya?"

"Cheka tu. Kesho utaula huo mkia, na keshokutwa hutaupata."

Teofilo akaacha kucheka. "Basi ni lile la ng'ambo."

"Ni lile la ng'ambo. Hakuna jingine."

"Na watu wa mradi?"

"Watu wa mradi wana nini? Injinia alikunywa pombe yangu."

Teofilo akajikuna kidevu, akasema, "Yule ni mtu wa pwani, Delmira. Kwao watu wanakunywa bia, wanalipa, wanakwenda zao."

"Alikunywa mabakuli matatu," Delmira akajibu, na kwake yeye maneno yalikuwa yameishia hapo.

Ilikuwa hivi. Wakati wa mvua zilizopita, mradi wa hewa ukaa uliingia Yanayaku. Mkuu wa kijiji, Gumersindo, aliitwa mjini, akalazwa hotelini, akarudi na kofia mpya na habari kwamba kijiji kimeuza pumzi ya msitu. Watu walicheka mpaka machozi. Pumzi inauzwaje, kwa kilo? Ndipo akaja Injinia Bustamante na picha za rangi, akawaeleza: miti inavuta moshi wa dunia na kuuhifadhi ndani ya mbao zake, na wenye viwanda wanaotaka kuendelea kutoa moshi wanawalipa wenye miti ili miti isimame. Kijiji kingepata mabati ya kuezekea shule, injini ya mtumbwi, na zahanati. Masharti? Msikate msitu, msichome msitu. Watu wakatazamana. Nani mwenye akili timamu anachoma msitu? Wakapiga makofi, na Gumersindo akatia sahihi.

Injinia akakaa kijijini akipima miti kwa utepe na kuifunga vitambaa vyekundu. Akafika mpaka kwenye shamba la Delmira lililolala. Siku hiyo ilikuwa ya joto kali, na Delmira, mwanamke asiyejua kumpita mtu mwenye kiu, akamvukia kijito na mtungi wa pombe ya muhogo. Akanywa. Akasifu. Akaongezwa, akanywa tena.

Sasa, pale Yanayaku pombe ya muhogo haipewi mtu shambani hivihivi. Nyumbani, sawa, ni kinywaji. Lakini mwanamke akikuletea bakuli ndani ya shamba lake, anakualika kwenye ujima: njoo unisaidie kufyeka, kuchoma, na kupanda. Usipotaka, unasema kiuno kinauma, unalirudisha bakuli limejaa, hakuna ugomvi. Ukinywa, umekubali. Mtu aliyekunywa akaja kukwepa, watoto wake watataniwa mpaka waoe.

Delmira hakutaka kumvizia. Alimwambia wazi.

"Injinia, hapa ni kwangu. Nimepapumzisha. Kiangazi nitapafungua, nipande muhogo."

Bustamante alikuwa ameinamia karatasi zake. Akafuta povu mdomoni kwa mkono. "Vizuri sana, mama. Tuko pamoja."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mama. Huu mradi ni wenu. Mtanichoka." Akanyoosha bakuli, akaongezwa la tatu.

Ndiyo maana kiangazi kilipofika Delmira hakwenda kuomba ruhusa kwa mtu. Angeomba ruhusa gani tena? Mihogo yake ya mwisho, ile mikia ya panya, hakuipika iwe chakula. Aliichemsha, akaiponda, akaketi na jirani yake Rosenda kuitafuna na kuitema mtungini ipate kuchachuka, kama walivyofundishwa na mama zao. Wajukuu walikaa mlangoni wakitazama chakula chao kikienda mtungini. Kilimuuma, lakini bila pombe hakuna watu, bila watu hakuna shamba, na bila shamba wale watoto wangekula nini?

"Shoga, tafuna vizuri," Rosenda akasema mdomo umejaa. "Na hilo pengo lako, nusu inapita bila kuguswa."

"Pengo langu lina kazi kuliko meno yako yote. Wewe meno yako ni ya kusengenya."

"Na nikiacha kusengenya, nani atakuletea habari?"

Wakacheka mpaka Rosenda akapaliwa.

Watu walikuja, na shoka zao na panga zao, wakapokea bakuli mmoja mmoja. Hata Gumersindo alikuja na ile kofia yake. Rosenda, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala na njaa, akamuuliza mbele ya watu wote, "Mkuu, na mradi je? Hatutafungwa?"

Gumersindo akamaliza bakuli lake kwanza. "Mradi umekataza kukata msitu," akasema. "Kwani huu ni msitu? Hili ni shamba la Delmira."

Kila mtu akaona ni jibu la maana. Msitu ulikuwa kule juu, wenye miti ambayo watu watano hawawezi kuikumbatia. Hili lilikuwa shamba, lilikuwa limelala, na mwenyewe alikuwa amekuja kuliamsha. Wakafyeka kwa nyimbo na matusi ya mzaha. Mabiwi yalipokauka wakasafisha mpaka kuzunguka shamba lote ili moto usitoroke, wakangoja upepo utulie, wakawasha. Moshi ukapanda mweupe na mnene, ukasimama juu ya miti. Delmira aliutazama, moyo wake ukiwa mwepesi. Baada ya hapo akapanda, akizichomeka pingili za muhogo kwenye udongo uliokuwa bado una joto la majivu. Mvua ya kwanza ikanyesha kwa wakati wake. Pingili zikachipua.

Majani yalikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto wakati Injinia Bustamante aliporudi kutoka mjini. Alikuja na polisi mmoja, ambaye hakusema neno tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu wakaitwa kwenye nyumba ya mikutano.

Delmira alifika akiwa amechana nywele. Alidhani Injinia amekuja kuomba radhi kwa kukosa ujima. Alikuwa hata ameshamwandalia jibu la utani: kwamba hajachelewa, palizi bado, na jembe lipo.

Injinia akainua kompyuta yake, kibao cha kioo tu, ili wote waone picha. Kulikuwa na rangi ya kijani tupu, na katikati yake doa jekundu.

"Hii imepigwa kutoka angani," akasema. "Msitu unaokua upya, umekatwa na kuchomwa. Kule juu hakuna siri. Ni nani?"

Delmira akasimama.

"Ni mimi," Delmira akasema. "Si ulijua? Nilikwambia."

"Uliniambia?"

"Pale pale shambani. Nikakupa pombe, ukanywa."

Bustamante akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alikuwa na tabasamu la mtu anayewapenda wazee. "Nilikunywa, mama, na ilikuwa tamu sana. Nani anakataa?"

"Basi ulikubali."

"Nilikubali nini?"

Delmira akageuka kuwatazama wenzake. Alingoja mmoja wao amweleze mgeni huyu jambo ambalo hata mtoto wa Yanayaku analijua. Gumersindo alikuwa akiikunja kofia yake. Wanaume waliofyeka naye walikuwa wakitazama vidole vyao vya miguu. Ndipo hasira ikampanda, na hofu nyuma yake, kwa sababu aliona kwamba wote wanajua na wote wananyamaza.

Aliyesema ni Rosenda. "Injinia, samahani, mimi sikusoma. Hilo jicho la angani linaona kila kitu?"

"Kila kitu, dada."

"Na ile barabara ya kampuni ya mafuta, kule juu ya mto? Wameangusha miti ambayo hata bibi yangu aliiogopa. Na pale kwenye kisima chao cha mafuta moto unawaka mchana na usiku, mbingu nzima nyekundu. Hilo halilioni?"

Watu wakaguna. Bustamante akaweka kibao chake mezani, taratibu.

"Ile barabara ina kibali cha serikali. Iko nje ya eneo la mradi. Dada, nchi lazima ikue. Bila mafuta hakuna shule, hakuna hospitali, na hizo injini za mitumbwi mnazozitaka zitakunywa nini? Halafu niwaambie jambo ambalo pengine hamlijui." Akawatazama kwa zamu, kama mwalimu. "Kampuni hiyo hiyo ndiyo inayonunua hewa yenu. Ndiyo mteja wetu mkubwa. Bila wao hakuna mabati."

Teofilo alikuwa ameegemea nguzo na gongo lake.

"Yaani wao wanachoma," akasema, "halafu moshi wao unahesabiwa kwenye mihogo ya mke wangu."

"Mzee, si rahisi namna hiyo."

"Najua si rahisi. Ningekuwa mimi ndiye ninayeshiba, ingekuwa rahisi."

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajikohoza haraka. Bustamante akaacha kutabasamu. Akaeleza mambo kwa sauti ya chini: kuchoma msitu ni kosa la jinai, na Delmira angeweza kupelekwa mjini leo hii pamoja na huyu askari. Mabati ya nusu ya pili ya shule yamezuiwa, na injini pia, mpaka lile doa jekundu lirudi kuwa kijani. Kijiji kizima kimeandikwa kwa kosa la mtu mmoja. Lakini yeye amewaombea. Wajue kwamba amewaombea sana. Miche imekuja kwenye boti, gunia la mchele la familia limekuja pia, kwa ubinadamu tu. Ile mihogo ing'olewe, miti ipandwe, na kesi itaishia hapo.

"Na sisi tutalima wapi?" Delmira akauliza.

"Lile shamba lenu mnalolima sasa lina tatizo gani?"

"Limechoka."

"Basi tutaleta mtaalamu wa mbolea," Bustamante akasema, akaandika kitu.

Jioni Gumersindo alikuja nyumbani kwa Delmira. Hakuingia. Alisimama chini ya ngazi kofia mkononi, akazungumza akiutazama mtungi mtupu uliokuwa umeegeshwa ukutani.

"Dada Delmira. Kesho tutakuja shambani."

"Kufanya nini?"

"Unajua. Wote tutakuja, kazi iishe haraka. Ujima."

"Ujima wa nani?"

Gumersindo akaibana kofia kwapani. "Wako. Shamba ni lako."

"Ahaa! Leo limekuwa shamba langu. Mbona kule kwenye mkutano lilikuwa msitu, na wewe ulikuwa bubu?"

"Wangekufunga."

"Ulikunywa, Gumersindo. Ulikunywa kabla ya wote."

"Nilikunywa," akasema. "Na watoto wetu wananyeshewa darasani. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Niambie, dada. Mimi sijui."

Delmira angemchukia mtu huyu kwa raha kama angekuwa mwizi. Lakini paa la nyumba yake lilikuwa la majani, na lilivuja.

"Mwenye shamba hukaribisha watu," Gumersindo akaongeza akiondoka, karibu kwa kunong'ona. "Si lazima. Watu wataelewa."

"Kuku wa maskini hatagi," Teofilo akasema kutoka kwenye wavu wake, baada ya hatua za Gumersindo kupotea. "Akitaga haangui. Akiangua..."

"Nyamaza," Delmira akamwambia.

Asubuhi walikuja wote. Hapakuwa na nyimbo. Waliingia kwenye mistari ya muhogo na kuanza kung'oa, wakiwa wameinama zaidi ya ilivyohitajika ili wasionane nyuso. Pingili zilikuwa zimeshaota mizizi, myeupe, michanga, na zilishikilia ardhi kwa nguvu. Watu walihema. Rosenda alizing'oa zake polepole na kuzilaza pembeni kivulini, udongo ukiwa bado umezishika, kama mtu anayenuia kuzirudisha mahali.

"Hizo pia, dada," Injinia akasema. "Zote mtoni. Zikibaki, kesho zitapandwa kwingine, na mimi nitarudi hapa kuwasumbua tena. Sipendi kuwasumbua."

Zikabebwa, zikatupwa mtoni. Mto ukazichukua.

Kisha wakapanga miche. Kila mtu alipewa mche wake katika mfuko mdogo mweusi wa plastiki, na kijiti chenye kitambaa chekundu. Bustamante akawasimamisha kwa mstari kwa ajili ya picha, akamwomba mwenye shamba asogee katikati. Hapo ndipo walipogundua kwamba Delmira hayupo.

Alikuwa kijitoni. Wakamwona akipanda ukingo na mtungi kichwani, na bakuli la kibuyu mkononi, lile lile la ujima. Akautua mtungi, akachota, akaanza na mtu wa kwanza kwenye mstari, kama inavyotakiwa, akimtazama machoni. Yule mwanamume akalipokea kwa mikono miwili. Akatazama ndani. Yalikuwa maji ya kijito, yenye rangi ya chai kama maji yote ya Yanayaku. Akainua, akanywa yote, akalirudisha bakuli.

Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Hakuna aliyesema kiuno kinamuuma. Hakuna aliyelirudisha limejaa. Gumersindo alikunywa akiwa amefumba macho, na maji mengine yakamchuruzika shingoni.

"Shoga," Rosenda akasema zamu yake ilipofika, akijaribu ile sauti yake ya kila siku, "ya leo haijachachuka." Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Akanywa.

Mwisho Delmira akafika kwa Injinia. Akachota bakuli likajaa mpaka ukingoni, akamnyooshea. Watu wote wakageuka kutazama. Kazi haianzi mpaka kila aliyepo shambani awe amekunywa, na wao walisimama na miche yao mikononi, wakingoja.

Bustamante akachungulia ndani ya bakuli. "Haya maji yamechemshwa, mama?"

"Kunywa, Injinia."

Akacheka kidogo, kwa upole. Akavuta chupa yake ya plastiki kutoka mfuko wa begi, akaifungua, akaiinua kumpa heshima. "Asante sana, mama. Ninayo yangu."

Delmira hakuushusha mkono. Alibaki hivyo hivyo, bakuli likiwa limejaa mbele ya kifua cha yule mtu, na maji yakimwagikia vidole vyake kidogo kidogo. Yule askari akapiga mwayo.

Gumersindo ndiye aliyeinama kwanza. Akachimba shimo kwa ncha ya panga, akaupasua mfuko mweusi, akautumbukiza mche ndani ya majivu. Akafuata aliyekuwa kando yake, halafu mwingine, mpaka shambani kote zikasikika panga zikigonga ardhi. Rosenda aliinama wa mwisho.